Waliozaliwa Mosi Januari

Raheli Chidumizi alikuwa ameshika chupa ya soda, kicheko hakijamtoka chote mdomoni, simu yake ilipotikisika juu ya meza. Ujumbe ulitoka kwa shangazi yake Loisi, kule kijijini kwao, ng'ambo ya Chemba.

"Mwanangu, babu yako nimempakia bodaboda aende zahanati. Mwiba wa mgunga ulimchoma juzi, leo mguu umevimba mpaka gotini. Ila kafurahi kweli, anasema anakwenda kutibiwa na mashine ya mjukuu wake."

Aliitua chupa taratibu, maana vidole vilikuwa vimeanza kumwambia jambo ambalo kichwa kilikuwa bado hakitaki kulisikia.

Siku hiyo ilikuwa ya furaha ofisini kwao. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili tu, Area D jijini Dodoma, juu ya duka la mabati na misumari, na asubuhi hiyo programu yao ya zahanati ilikuwa imewashwa kwa mara ya kwanza mbele ya wagonjwa wa kweli. Kazi yake haikuwa ngumu kuieleza. Nesi anaandika jina la mgonjwa na tarehe ya kuzaliwa, na kompyuta inamletea historia yake: amewahi kuugua nini, amepewa dawa gani, na dawa gani ikimgusa itamdhuru. Zahanati ya kwanza kuwashiwa ilikuwa ya kijijini kwao Raheli. Aliiombea mwenyewe, kwa kiburi kidogo cha mtoto wa nyumbani.

Na babu yake Nathanaeli, penisilini ilikuwa sumu kwake.

Raheli aliliona hilo kwa macho yake akiwa darasa la tatu. Babu alichomwa sindano, akatoka nje akicheka, na kabla hajafika kwenye mkokoteni midomo ilikuwa imevimba kama ya mtu mwingine. Koo likaziba. Alikuwa anavuta hewa kwa sauti ambayo Raheli hakuisahau hata alipokuwa chuo, hata alipokuwa amelala. Aliponea chupuchupu. Tangu siku hiyo, kila karatasi ya hospitali ya babu iliandikwa juu kabisa, kwa wino mwekundu, kwamba asipewe penisilini.

Kwa hiyo mtu angetarajia Raheli atulie. Programu yao si ndiyo iliyobeba onyo hilo? Ilibeba, tena kwa herufi kubwa. Tatizo ni kwamba Raheli ndiye aliyekuwa mjaribu wa programu, mtu anayelipwa kuishuku, na wiki iliyopita kulikuwa na kitu alichokishuku halafu akakinyamazia.

Majaribio yao yalijiendesha yenyewe. Yalikuwa vijiprogramu vinavyojifanya nesi: vinaandika jina, vinasubiri jibu, vinalinganisha. Jibu likiwa sahihi, alama ya kijani, likikosewa, nyekundu. Kila jaribio lilipitishwa kwenye mashine tatu: ya Windows, kama zile za ofisi za wilaya; ya Mac, ambayo ilikuwa ya kiongozi wao, Abdulrazaki; na ya Linux iliyokaa sakafuni chini ya dirisha. Hiyo ya Linux ndiyo pacha wa ile iliyopelekwa zahanati, kwa sababu haikusumbuliwa na virusi vya flashi za watu.

Jaribio moja Raheli alilitunga kwa ajili ya babu yake. Kijijini kwao kulikuwa na Nathanaeli Chidumizi wawili, watoto wa ndugu wawili, wote wamerithi jina la babu mmoja, wote wamebatizwa na katekista mmoja aliyelipenda jina hilo kupita kiasi. Watu waliwaita Nathanaeli wa Mlimani na Nathanaeli wa Bondeni, lakini serikali haina habari ya mlima wala bonde. Maisha yao yote walibadilishiana barua, wito wa baraza na dawa za kikohozi. Kilichowatenganisha kwenye makaratasi ni mwaka tu: wa Bondeni, 1955, wa Mlimani, ambaye ndiye babu yake Raheli, 1956. Jaribio lilikuwa linauliza jambo dogo: nikimtafuta wa Mlimani, nitaletewa wa Mlimani?

Windows ilijibu ndiyo. Mac ilijibu ndiyo. Linux ilitoa nyekundu.

"Kura mbili kwa moja," Abdulrazaki alisema siku ile, akiwa amesimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha kahawa. Alikuwa mtoto wa mjini hasa, ukoo wa wafanyabiashara waliokuwepo Dodoma kabla ya reli, mpole, mwepesi wa utani, na aliyechoka kuahirisha. "Hiyo Linux yetu ina wazimu wake, dada Raheli. Hata wiki ile tuliyoingiza mafaili iligoma bila sababu. Liweke pembeni hilo jaribio, tutalirudia baada ya uzinduzi."

Raheli akaliweka pembeni. Neno moja tu kwenye mstari mmoja, na mashine zote tatu zikawa kijani kibichi. Watu wakapiga makofi.

Sasa alikuwa anapiga simu ya babu. Ilikuwa imezimwa, na alijua itakuwa imezimwa, kwa sababu babu huiwasha jioni tu ili asimalize chaji. Akapiga ya shangazi Loisi. Haipatikani, ameshateremka shambani. Akapiga ya nesi Angelina wa zahanati. Haipatikani. Kule mtandao wa simu huja na kuondoka na upepo, na watu wanajua kichuguu cha kusimama wakitaka kuongea. Ni kompyuta peke yake iliyokuwa na uhakika wa mtandao, kwa kidishi chake juu ya bati.

Alilirudisha lile jaribio na kuliendesha kwenye Linux.

Nyekundu.

Wiki iliyopita aliiangalia ile rangi kama mtu anavyoangalia mbwa wa jirani anayebweka. Leo aliisoma. Aliomba Nathanaeli Chidumizi, mosi Januari 1956. Aliletewa Nathanaeli Chidumizi wa 1955, mtu wa Bondeni, mzima wa afya, asiyedhuriwa na dawa yoyote.

"Kaka Abdul, njoo uone. Babu yangu yupo njiani kwenda zahanati. Huenda ameshafika."

Abdulrazaki alisogea, akasoma, uso ukamkunjamana, kisha akaukunjua kwa nguvu. "Hizo ni data zako za majaribio. Labda umezichanganya. Kwangu inafanya kazi, si unaona?" Akaliendesha jaribio kwenye Mac yake mbele ya macho ya Raheli. Kijani.

"Zahanati haina Mac."

"Unataka tufanyeje?"

"Tuzime."

"Raheli." Sauti yake ilishuka. "Mganga mkuu wa wilaya yupo pale sasa hivi na wageni wake. Tukizima mbele yao, siku ya kwanza, hakuna atakayetusikiliza tena. Nionyeshe kwa nini inakosea, nitazima mwenyewe. Siwezi kuzima kwa sababu mashine moja kati ya tatu ina kisirani."

Alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililomtia Raheli hofu zaidi. Angekuwa mjinga angemsukuma pembeni. Lakini alikuwa anasema maneno yale yale ambayo Raheli mwenyewe aliyakubali wiki iliyopita akiwa ametulia.

Akakaa. Alikosea nywila yake mwenyewe, akaiandika upya. Akaanza kufanya kitu pekee alichokijua: kubadilisha jambo moja moja na kuangalia. Alibadilisha jina, nyekundu. Kwa hiyo si jina. Akabadilisha mwaka, akaweka mtoto wa juzi, kijani. Akaweka mtu wa umri wake, kijani. Akarudi nyuma, 1970, kijani, 1962, kijani.

1961, nyekundu.

1960, nyekundu. 1958, nyekundu. Waliozaliwa baada ya mwaka wa Uhuru walikuwa wanapita, na wazee wao walikuwa wanagoma, kana kwamba ile kompyuta chini ya dirisha ilikuwa na kumbukumbu ya mkoloni.

"Subhanallah," alinong'ona Abdulrazaki. Alikuwa amevuta kiti, kahawa ameisahau.

"Siku," Raheli alisema. "Ngoja nibadilishe siku." Akaacha mwaka 1956 na kuweka tarehe mbili Januari badala ya mosi. Kijani. Akaweka Machi. Kijani. Akarudisha mosi Januari. Nyekundu.

Akaiagiza Linux imwandikie, neno kwa neno, inavyoielewa siku ya kuzaliwa ya babu yake. Jibu lilikuja mara moja: tarehe 31 Desemba, 1955, saa tano na dakika arobaini na tano usiku.

Robo saa. Walikuwa wamempotezea babu yake robo saa.

Akaona kosa lote kwa mara moja, na lilikuwa lao wenyewe wala si la Linux. Programu yao haikuihifadhi siku ya kuzaliwa kama siku. Iliihesabu kama dakika, kwamba mtu kazaliwa saa sita kamili za usiku kwa saa za leo. Windows na Mac hazikujisumbua na ya kale; ziliiacha dakika hiyo pale pale. Linux ilikuwa na jedwali la saa za zamani, na jedwali hilo lilisema kwamba enzi za Mwingereza saa za Tanganyika zilikuwa nyuma ya za leo kwa robo saa. Ikazirudisha nyuma kwa uaminifu wake wote. Aliyezaliwa Machi akirudishwa robo saa anaangukia jana yake, na hakuna anayejua, kwa sababu programu inatafuta kwa jina na mwaka tu, na mwaka ulioandikwa kwenye faili haurudishwi nyuma. Aliyezaliwa mosi Januari anaangukia mwaka mwingine.

Na ni nani anazaliwa mosi Januari? Kwingine, wachache. Huku kwetu, wazee wote! Karani wa uandikishaji alimwuliza mzee amezaliwa lini, mzee akajibu ni mwaka ule mvua ilipokatika mtama ukiwa na maua. Karani akapiga hesabu kwenye vidole, akapata mwaka, na kwenye nafasi ya siku na mwezi akaandika mosi Januari, kisha akaita mwingine. Ukitaka kuwafanyia sherehe ya kuzaliwa, kijiji kizima kitakata keki asubuhi moja. Raheli alilijua hilo tangu utotoni na alilicheka mara nyingi. Hakuwahi kufikiri kwamba anaweza kuliogopa.

"Fungua kumbukumbu za zahanati," alisema Abdulrazaki, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe.

Raheli alizifungua, na mstari wa mwisho kabisa ulikuwa unamngoja. Nathanaeli Chidumizi, mosi Januari 1956. Amepatikana. Namba ya faili ilikuwa ya mtu wa Bondeni. Chini yake, ukurasa wa sindano ulikuwa umefunguliwa, na jina la dawa limeshachaguliwa.

Penisilini.

Akapiga simu ya Angelina. Haipatikani. Akapiga tena, kana kwamba simu huona huruma. Haipatikani. Hakukuwa na njia ya kuandika neno kwenye kioo cha nesi. Hawakuitengeneza, hakuna aliyefikiri ingehitajika. Kurekebisha programu kungechukua saa nzima, na babu hakuwa na saa nzima. Huenda hakuwa na hiyo robo.

Kisha akawaza jambo la kawaida kabisa, jambo ambalo kila mtu wa ofisi za kompyuta analijua kwa uchovu. Ukimpigia mteja, hapokei. Ila mashine yake ikizimika, atakutafuta hata kama ni juu ya mti.

Na sheria ya programu yao ilikuwa moja: nesi aandike sindano kwanza, ndipo achome.

"Ninazima," alisema. Hakumwangalia Abdulrazaki, aliogopa kuona uso wake. Lakini alisikia jibu.

"Zima! Zima haraka!"

Alibonyeza. Kilomita nyingi kaskazini, kioo kimoja kikawa cheusi mbele ya wageni wa wilaya. Hapa Area D hakuna kilichobadilika. Chini, dukani, mtu alikuwa anabishana bei ya misumari. Raheli aliiweka simu katikati ya meza na wote wawili wakakaa wakiitazama. Alijaribu kusali, akagundua kwamba anarudia jina la babu tu. Aliwaza kwamba kama Angelina alikuwa ameshaandika na kubonyeza, basi alichozima ni taa tu ya chumba ambamo mtu anakufa.

Abdulrazaki alikuwa ameanza kupangusa miwani iliyokuwa safi. "Italia," alisema. "Watapiga." Mara ya tatu hakulimalizia neno.

Simu ikalia.

"Halo, ofisi? Ni nesi Angelina. Jamani mnatuaibisha!" Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, alikuwa amesimama kwenye kichuguu. "Kompyuta imezimika ghafla, wageni wamejaa hapa, na mimi nimeshachanganya dawa ya mgonjwa, ipo kwenye trei, siwezi kuchoma kabla haijaandi..."

"Hujachoma?"

"Nitachomaje haijaandikwa?"

"Usichome! Dada Angelina, usichome. Yule mzee penisilini inamuua. Kompyuta imekuletea faili la mtu mwingine."

Nesi akasema, taratibu sana, "Mungu wangu." Na baadaye kidogo: "Alianza kuniambia kitu. Alishika koo lake. Nikamwambia, tulia mzee, mgonjwa husahau, skrini haisahau. Si ndivyo ulivyotufundisha Chemba?"

Ndivyo. Raheli aliyakumbuka maneno yake mwenyewe, jinsi alivyoyasema kwenye semina akitabasamu, jinsi manesi walivyocheka na kuyaandika. Aliyasema kwa sababu wazee huchanganya majina ya dawa, na aliona ni maneno mazuri.

"Mpe simu babu," alisema. "Tafadhali. Mlete hapo ulipo."

Ilichukua muda. Alisikia hatua, alisikia mtu akisaidiwa kupanda, mguu mmoja ukiburutwa. Abdulrazaki alikuwa kwenye kompyuta yake, anaziandikia zahanati zilizokuwa zifuate kwamba zisiwashe kitu.

"Halo?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mchumba wangu. Mbona unahema hivyo, unafukuzwa na fisi?"

Sauti ilikuwa nzima. Ilikuwa ile ile ya kukwaruza, isiyovimba wala kuziba. Raheli alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni.

"Babu, si unajua kwamba penisilini inakudhuru?"

"Najua. Nitasahauje?"

"Sasa mbona ulitaka kukubali sindano?"

Mzee alijibu kwa aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa anafanya jambo la kitoto.

"Nilitaka kumwambia nesi. Lakini akasoma kwenye mashine, akasema, mzee, wewe huna tatizo na dawa yoyote. Nikawaza, mashine yenyewe ni ya Raheli. Raheli amesoma, hawezi kuandika uongo juu yangu. Nikasema, basi, kumbe nilishapona."

Raheli alikuwa ameogopa tangu ujumbe wa shangazi ulipoingia, lakini hofu ile ilikuwa ya mashine. Hii iliyomshika sasa ilikuwa nyingine. Alimwona babu kwenye benchi, suruali imekunjwa mpaka gotini, anaikumbuka vizuri siku aliyokosa hewa, na anaunyoosha mwili wake kuelekea sindano ile ile kwa sababu anampenda na anamwamini mjukuu wake.

"Babu, hujapona."

"Sijapona?"

"Hujapona. Mashine ilikosea. Mimi nilikosea. Nesi yupo hapo karibu?"

"Yupo, ananishika mkono nisianguke."

"Mwambie sasa hivi, kwa mdomo wako, nisikie."

"Si umeshamwambia wewe?"

"Mwambie wewe, babu."

Alimsikia akikohoa kusafisha sauti, kama afanyavyo kanisani kabla ya kusoma somo. Kisha akamsikia akisema, mbali kidogo na simu, kwa Kiswahili chake cha polepole chenye Kigogo ndani yake, "Nesi, samahani. Ile dawa ya unga mweupe, mimi inaniziba koo. Nilikufa nayo mara moja."

"Sema tena, babu," Raheli alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi, soda yake imesimama juu ya meza bila mnywaji. "Sema mpaka aandike."